Moshi wa Jikoni ni Suala la Serikali

Kila litajwapo suala la kuchafuka kwa hewa, fikira za wengi wetu huvuka bahari. Tunawaza viwanda vya Ulaya vilivyochoma makaa ya mawe kwa karne mbili, tunawaza misururu ya magari ya miji mikubwa ya Asia, na kisha tunajipongeza kimoyomoyo kwamba sisi watu wa visiwani tumejaaliwa kaskazi na kusi, pepo mbili zinazotufagilia hewa mwaka mzima bila ya malipo. Viwanda vyetu vinahesabika kwa vidole, na mtu asimamaye Forodhani wakati wa magharibi hupumua upepo uliotoka moja kwa moja baharini. Kwa hiyo mazungumzo ya hewa chafu tunayahesabu kuwa ni mashaka ya watu wengine.

Fikira hiyo inamfaa huyo asimamaye Forodhani. Haimfai hata kidogo mama aliyeinama mbele ya mafiga matatu katika banda la makuti, huko Makunduchi au Micheweni, akipuliza kuni zilizonyeshewa na mvua ya masika huku mtoto mchanga akiwa amefungwa kanga mgongoni. Hewa avutayo mwanadamu si hewa ya kisiwa kizima. Ni hewa ya pale alipo, shubiri chache mbele ya pua yake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa katika nyumba zisizopitisha hewa vizuri, moshi wa jiko la kuni unaweza kuwa na chembe laini mara 100 zaidi ya kiwango kinachokubalika. Upepo wa kusi unaweza kuwa unavuma kwa nguvu nje ya banda hilo, na ndani yake hali ikawa mbaya kuliko barabara ya mji wowote tunaousikitikia.

Hesabu za Shirika hilo kwa mwaka 2020 zilionesha kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo takriban milioni 3.2 duniani, na kati ya hivyo zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto wasiofikia umri wa miaka mitano. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu wakaazi 1,889,773 wa Zanzibar. Ni sawa na kusema kwamba kila mwaka dunia hupoteza kwa moshi wa majiko watu wengi zaidi kuliko wakaazi wote wa Unguja na Pemba wakijumuishwa pamoja. Lau maradhi ya kuambukiza yangeua kwa kiasi hicho, bandari zingefungwa na vikao vya dharura vingeitishwa usiku wa manane. Lakini moshi haumshitui mtu. Tumezaliwa ndani yake, tumelelewa ndani yake, na harufu yake katika nguo za mama zetu ni miongoni mwa kumbukumbu tunazozipenda.

Ni vyema basi kueleza kwa lugha nyepesi ni kitu gani hasa kinachotokea kifuani. Mwenyeezi Mungu ameipa njia ya hewa walinzi wake. Nywele za puani huzuia vumbi kubwa. Ute na vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa jicho, vilivyojipanga katika koromeo na mirija ya mapafu, hunasa takataka na kuzisukuma juu mpaka zitoke kwa kikohozi au zimezwe. Vumbi la barabara ya udongo, ambalo hutukera na kutuchafulia nguo, kwa sehemu kubwa huishia huko. Chembe za moshi ni jambo jingine. Zile zinazohesabiwa na wataalamu kuwa ni za hatari zaidi zina upana wa maikromita 2.5 au chini ya hapo. Ukizipanga chembe 30 za upana huo bega kwa bega ndipo utakapofikia unene wa unywele mmoja wa kichwa. Chembe ndogo namna hiyo huwapita walinzi wote, hushuka hadi kwenye vifuko vidogo vya mwisho vya mapafu, mahali ambapo hewa na damu hupeana mikono, na nyingine hupenya na kuingia katika damu yenyewe.

Mapafu yakishambuliwa kila siku hujibu kwa kuvimba. Vinyweleo vile vya ulinzi hudhoofika, ute huongezeka, na vijidudu ambavyo vingefukuzwa hupata makaazi. Kwa mtoto mdogo matokeo yake ni homa ya mapafu. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, mirija yake ya hewa ni myembamba, na kinga ya mwili wake bado haijakomaa. Isitoshe, katika miaka yake ya mwanzo haondoki ubavuni mwa mama, na mama haondoki ubavuni mwa jiko. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuishi katika moshi wa nyumbani karibu kunaongeza maradufu uwezekano wa mtoto kupata maradhi hayo ya mapafu. Wazee wetu wanaijua dalili yake: mbavu zinazoingia ndani kila mtoto anapovuta pumzi. Mtoto wa namna hiyo ni wa kupelekwa hospitali saa ile ile, wala si wa kusubiriwa mpaka asubuhi.

Kwa mtu mzima shari huja polepole. Mwanamke wa miaka 50, ambaye hajapata kutia sigara mdomoni mwake maisha yake yote, huanza kukohoa asubuhi. Baada ya miaka michache kikohozi hicho huwa hakimwachi, kisha hushindwa kupanda kilima au kubeba ndoo bila ya kutweta. Mtaani atasemwa kuwa ana pumu ya ukubwani, wengine watanong'ona kuwa amerogwa na jirani, na pengine atapimwa kifua kikuu mara mbili na mara zote mbili majibu yatoke kuwa hana. Aghalabu alichonacho ni maradhi sugu ya kuziba kwa njia za hewa, ambayo katika nchi tajiri hujulikana kuwa ni maradhi ya wavuta sigara, na ambayo katika nchi kama yetu huwapata wanawake waliovutishwa moshi kwa miaka 30 au 40 bila ya kuutaka. Mirija iliyokwisha kuharibika kwa namna hiyo hairudi tena katika hali yake. Dawa hupunguza tabu tu. Wala madhara hayaishii kifuani. Katika vile vifo milioni 3.2 tulivyovitaja, zaidi ya nusu vilitokana na maradhi ya moyo na kiharusi, kwa sababu ya zile chembe zilizopenya na kuingia katika damu. Hata mtoto wa jicho, ambao tumezoea kuuona kuwa ni mzigo wa uzee, umehusishwa na moshi wa jikoni.

Hapa pana kosa moja la watu wa mjini ambalo halina budi kusahihishwa. Mtu wa mjini, akiisha kuhama kutoka kwenye kuni na kuingia kwenye makaa, hujiona kuwa amekwisha salimika, kwa kuwa seredani iliyokwisha kushika vizuri haitoi moshi wa kuonekana. Ni kweli kwamba chembe hupungua. Lakini makaa yanayowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyokuwa na rangi wala harufu, ambayo ikiingia katika damu huing'ang'ania himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyong'ang'ania oksijeni. Mtu huanza kuumwa na kichwa, husikia kizunguzungu na usingizi, na akilala katika chumba kilichofungwa huenda asiamke. Kwa hiyo ile desturi ya kutia makaa ya moto katika chumba cha mzazi wakati wa arobaini ili mama na mwanawe wapate joto, huku madirisha yamezibwa kwa kuogopa upepo, ni desturi ya mapenzi yenye hatari kubwa ndani yake. Wakunga wetu wa jadi wanaheshimiwa sana mitaani, na neno lao moja juu ya dirisha lingesikilizwa kuliko mabango 10 ya Wizara.

Mafuta ya taa nayo yasihesabiwe kuwa ni kimbilio. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya nishati za majumbani na humo likashauri kwamba matumizi ya mafuta hayo yasihimizwe, kwa sababu ya chembe na gesi zinazotoka katika majiko na vibatari vyake. Vivyo hivyo dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mzunguko. Utafiti uliochapishwa 2003 ulipima baadhi ya dawa hizo na kuona kwamba kuchoma moja tu hutoa chembe laini kwa kiasi sawa na cha sigara 75 hadi 137. Chandarua hakina moshi, na sote tunakumbuka kuwa kampeni ya vyandarua ni miongoni mwa mambo yaliyoyashusha sana malaria visiwani humu.

Sasa tujiulize kwa uwazi: kwa nini jambo lenye uzito kama huu halijapata nafasi yake katika vikao vyetu? Mwandishi wa makala haya amehudhuria vikao vingi vya tawi na vya wilaya kwa miaka mingi, na humo amesikia ajenda za maji, barabara, skuli, pembejeo, karafuu na bei yake, mwani na bei yake. Hajapata kusikia ajenda ya jiko. Sababu haiko mbali. Wanaopanga ajenda kwa kawaida ni watu wanaoletewa chakula kikiwa kimekwisha kupakuliwa. Jiko kwao ni shughuli ya kike, na shughuli ya kike, katika mawazo ya kale ambayo Mapinduzi ya 1964 yalidhamiria kuyang'oa, ni jambo la ndani lisilostahiki kuandikwa katika kumbukumbu za mkutano. Hata mafundi wetu wa nyumba hufuata mkondo huo huo. Sebule hupewa madirisha mawili ya kioo, na jiko hutupwa uani likiwa na mlango mmoja na kitundu cha paka. Zilipojengwa ghorofa za Michenzani, ambazo ni alama ya heshima ya wanyonge wa nchi hii na zilizoanza kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki ya wakati ule, wakaazi walihama na seredani zao, wakazipandisha ngazi na kuzitia mabarazani. Mtu hubadilishiwa nyumba kwa siku moja. Jiko lake hudai mpango wake mbali.

Serikali nyingine zimekwisha kulikuta tatizo la namna hii, na historia yao inafundisha. Mnamo tarehe 5 hadi 9 Disemba, 1952 mji wa London ulifunikwa na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe, na sehemu kubwa ya moshi huo ilitoka katika meko za majumbani. Kwanza ilikisiwa kuwa watu 4,000 walikufa. Wachunguzi wa baadaye walifikisha makisio yao hadi kiasi cha 12,000. Mwaka 1956 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya hewa safi, iliyoziwezesha halmashauri kutangaza maeneo yasiyoruhusiwa moshi. Jambo hilo hukumbukwa na wengi. Lisilokumbukwa ni kwamba sheria ile ilikuja na fedha: mwenye nyumba katika eneo lililotangazwa aliyelazimika kubadilisha meko yake alirejeshewa sehemu 7 katika kila 10 za gharama, halmashauri na hazina kuu zikigawana mzigo. Waingereza walitutawala na hatuna haja ya kuwasifu kupita kiasi. Lakini walielewa kwamba huwezi kumpiga marufuku mtu maskini asitumie moto alionao bila ya kumpa moto mwingine.

Ushahidi wa karibu zaidi unatuonya vile vile dhidi ya nusu hatua. Huko Guatemala, katika nyanda za juu, familia zilipewa majiko ya kuni yenye dohani ya kutolea moshi nje. Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionesha kuwa moshi uliowafikia watoto ulipungua kwa kiasi cha nusu, na homa kali ya mapafu ikapungua kwa takriban thuluthi. Watu wakafurahi. Kisha ikaja Malawi, nchi ya jirani, ambako utafiti uliowahusu watoto zaidi ya 10,000 uligawa majiko ya kuni yaliyoboreshwa. Matokeo yake, yaliyotolewa 2016, hayakuonesha tofauti yoyote ya homa ya mapafu kati ya waliopewa na wasiopewa. Ukafuata utafiti mwingine mkubwa zaidi kwa gharama, katika Guatemala, India, Peru na Rwanda, ambamo wajawazito zaidi ya 3,000 waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likapewa majiko ya gesi pamoja na gesi yenyewe bila ya malipo kwa muda wa miezi 18. Moshi ulipungua sana katika nyumba hizo. Hata hivyo uzito wa watoto waliozaliwa haukuongezeka kwa kiasi cha kutajika, na taarifa ya 2024 ilisema kuwa homa kali ya mapafu kwa watoto nayo haikupungua.

Kuna watakaozisoma habari hizi na kusema, basi yaachwe mambo yalivyo. Hiyo ni tafsiri ya mvivu. Mwenye kuangalia kwa makini ataona kuwa majiko ya Malawi yaliendelea kuchoma kuni, na kuwa watu waliyatumia bega kwa bega na mafiga yao. Na ataona kuwa homa ya mapafu ina milango mingi, ikiwemo lishe duni, chanjo isiyokamilika na nyumba iliyosongamana. Kisha kuna suala la jirani. Nyumba moja ikisafisha jiko lake katikati ya nyumba 20 zinazofuka, mtoto wa nyumba ile atacheza uani na kuvuta moshi wa hizo 20. Moshi hauna kiambaza wala hati ya kiwanja. Kwa maoni ya mwandishi huyu, fundisho la tafiti zote tatu ni kwamba jiko likibadilishwa lazima libadilishwe kwa shehia nzima, si kwa kaya moja moja iliyobahatika kupata mradi, na lazima liende pamoja na chanjo na lishe. Ugawaji wa majiko 50 mbele ya wapiga picha, kisha kila mtu akarudi kwake, hautaponya kifua cha mtu.

Shehia nzima maana yake pia ni mioto mingine ambayo si ya kupikia. Jioni, katika mitaa mingi ya Ng'ambo na vijiji vya shamba, taka hukusanywa na kutiwa moto, na ndani yake mna chupa za plastiki, viatu vya mpira na nepi. Serikali ya Zanzibar ilikuwa ya mwanzo katika eneo letu kuipiga marufuku mifuko ya plastiki, mwaka 2006, lakini plastiki haikomei kwenye mifuko, na moshi wake una sumu kuliko wa kuni. Wala hili si suala la kisasa tu. Mafakihi wa zamani walilijadili suala la moshi wa tanuri na wa hamamu umfikiao jirani, na wakauhesabu miongoni mwa madhara ambayo jirani ana haki ya kuyalalamikia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, Namba 3 ya 2015, imetupatia chombo cha kulisimamia jambo hilo. Pamoja na hayo, sheha hawezi kumkataza mtu kuchoma taka ikiwa gari la taka halijafika mtaani kwake tangu mwezi uliopita. Tanuri za chokaa, zinazochomwa kwa magogo ya minazi na mawe ya matumbawe, nazo zinafaa kupangiwa mahali, kwani siku hizi nyumba zimezifuata hadi miguuni mwake.

Kwa upande wa umeme, tuna historia ambayo wengine hawana. Unguja iliunganishwa na Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari tangu 1980, Pemba ikapata wake kutoka Tanga 2010, na mwaka 2013 Unguja ikaongezewa waya mpya wenye uwezo wa megawati 100. Tumejifunza pia, kwa tabu, nini hutokea waya unapokatika: kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa takriban miezi mitatu bila ya umeme, na Mji Mkongwe ukajaa ngurumo na moshi wa jenereta zilizowekwa vichochoroni, chini kabisa ya madirisha ya watu waliolala. Kwa hiyo anayeufikiria umeme kuwa ni nishati ya kupikia hapa kwetu lazima aufikirie na uhakika wake. Mama hatalitupa seredani lake kwa ahadi ya waya mmoja.

Mnamo Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye ni mzaliwa wa Unguja na bila ya shaka anaujua moshi wa kuni kuliko marais wote waliomtangulia, alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Siku chache baadaye, mjini Paris, alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa kimataifa juu ya suala hilo hilo kwa Bara la Afrika, ambapo ziliahidiwa dola bilioni 2.2 za Marekani. Hizi ni habari njema, na ni mara ya mwanzo jiko kukaa meza moja na wakuu wa nchi. Lakini ahadi ya Paris ina safari ndefu kabla ya kufika Kojani, na sisi tulio katika ngazi za chini ndio tunaojua inakwama wapi.

Inakwama kwenye mfuko. Makaa, hata yakiwa ghali, yanauzwa kwa kopo; mwenye shilingi chache leo anapika leo, na ya kesho ataitafuta kesho. Kuni za shamba, pamoja na makumbi, vifuu na makuti makavu, hazinunuliwi kabisa. Mtungi wa gesi unadai fedha nyingi kwa siku moja, ukiisha unadai tena, na mara nyingi huisha katikati ya mwezi. Kwa hiyo hata pale ambapo hesabu ya mwaka mzima inaonesha kuwa gesi haiyapiti sana makaa, mvuvi au mchuma karafuu hana mwaka mzima mkononi. Ana siku moja. Umeme wa mita za TUKUZA umekaribia zaidi namna ya maisha ya watu hawa, kwa kuwa mtu hununua kiasi cha uwezo wake, na vyungu vya umeme vya siku hizi, vipikavyo kwa mvuke uliobanwa, vinaivisha maharage kwa umeme kidogo sana kuliko majiko ya sahani za moto ya zamani. Ikiwa Shirika la Umeme litamkopesha mwananchi chungu hicho na kukata malipo yake kidogo kidogo katika kila tokeni anunuayo, na ikiwa uniti za mwanzo za kila mwezi zitakuwa rahisi kwa kaya ndogo, nusu ya safari itakuwa imekwenda. Gharama hiyo iwekwe katika bajeti kwa jina lake, na ilinganishwe na gharama za vitanda vya watoto wenye homa ya mapafu na za wanawake wanaohitaji oksijeni.

Wakati hayo yanasubiriwa, kuna ya kufanywa na wanaoendelea na kuni. Banda la jiko lililoinuliwa paa na kuachwa wazi pande mbili zinazokabiliana hupitisha hewa vizuri kuliko lililozungushwa makuti hadi chini. Kuni zikatwe na kuanikwa kiangazi na kuhifadhiwa juu ya dungu kabla ya masika, maana kuni mbichi ndiyo mama wa moshi. Mtoto mchanga abebwe na mtu mwingine aliye nje wakati moto unapowashwa. Hapa akina baba wanayo mikono miwili iliyo tupu. Haya yanapunguza, hayaondoi, na kiongozi atakayeishia kuyahubiri haya peke yake atakuwa amemtwika mama mzigo ambao ni wa nchi.

Lipo pia jambo dogo lisilohitaji mfadhili. Mgonjwa wa kikohozi anapofika kituo cha afya huulizwa kama anavuta sigara. Mwanamke hujibu kuwa havuti, na mstari ule katika daftari hubaki mtupu, kana kwamba mapafu yake hayajapata kuona moshi. Wizara ya Afya ingeweza kuagiza kwamba kila mgonjwa wa kifua, mkubwa na mdogo, aulizwe vile vile nyumbani kwao hupikia nini, ndani au nje, na kwa muda wa miaka mingapi, na jibu lake liandikwe pamoja na jina la shehia atokayo. Madaktari wa Mnazi Mmoja na wa Chake Chake wangeona mara moja wagonjwa wao wanatoka moshi gani, na wapangaji wa mipango wangekuwa na orodha ya shehia za kuanzia, kutoka Nungwi hadi Mkoani, kabla ya makadirio ya mwaka ujao kusomwa mbele ya Baraza la Wawakilishi.